Fungu la Ndege

Dilala, Kolwezi, tarehe 3 Septemba 2023

Yaya Ngoy, mukubwa wangu, jambo sana,

Ninashika kalamu nikiwa na nguvu, mugongo tu njo unanisumbua asubuhi. Natumaini weye na kuku zako muko muzima. Jémima binti yangu anakusalimia toka Lubumbashi. Mutoto wake ameota meno mbili na sasa anauma batu bote, ata pasta alimuuma kidole siku ya kumubariki. Majirani ba hapa kwenye avenue nabo banakusalimia, zaidi Mama Tshiamala wa nyumba ya nyuma. Anasema bado anakumbuka siku ulikuja na samaki ya Kalemie.

Nilitaka kukupigia simu, kisha nikakumbuka. Jémima aliniambia: "Mama, mujomba hasikii tena, unapigia nani?" Basi nimerudi kwa karatasi, kama wakati ule ulikuwa kule kwenye ziwa na siye hatukuwa na simu. Barua nitamupa Mama Mushiya, ule anauza bunga ya mahindi kati ya Lubudi na hapa. Akichelewa, usinilaumu mi.

Iko jambo moja. Kwa parseli yangu, kwa uwanja wa nyuma ya nyumba, kunakuja ndege. Sasa ni wiki mbili. Ni wa kahawia, anakaa juu ya ukuta karibu na muti wa avoka, ananiangalia na kupiga makelele. Nimekaa hapa Dilala miaka makumi tatu na nane, sijaona ndege kama ule. Weye njo ulijua ndege yote, tangu tukiwa batoto na baba kwenye njia ya reli, na baadaye ukawa unabiandika kwa kaye, daftari yako. Niambie ni ndege gani. Tangu bwana yangu Mathieu alikufa nyumba imekuwa kubwa, na kazi mingi sina. Mutu akikuja kwako kila asubuhi, haifai umujue jina?

Mudogo wako,
Simone Kabange


Lubudi, tarehe 28 Septemba 2023

Kabange, mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, maana Kiswahili chenu cha Kolwezi kinataka mkalimani. "Batu bote"! Mimi niliyekaa miaka kumi na tisa bandarini Kalemie nilijifunza lugha kwa wenyewe. Usikasirike. Ninakutania kwa sababu sina mwingine wa kumtania, kuku hawacheki.

Mimi ni mzima, isipokuwa masikio, ambayo sasa ni mapambo tu. Mchungaji huja Jumatatu kunipigia kelele kama mtu anayefukuza mbuzi shambani, nami namjibu "Amina" kila anapofunga mdomo. Juzi nikagundua kwamba alikuwa anauliza bei ya mayai. Mwewe amenichukulia vifaranga wawili. Nangoja mvua nipande.

Sasa ndege wako. Eti wa kahawia! Nusu ya ndege wa Katanga ni wa kahawia, na nusu nyingine ni waume zao. Mtu hatambuliwi kwa rangi ya shati. Mtazame vizuri asubuhi jua likiwa mgongoni mwako. Je, ni mkubwa kuliko shomoro? Mdomo wake ukoje, koo lake lina rangi gani, na akiruka mkia unaonyesha nini? Anakula nini hapo ukutani? Zaidi ya yote niandikie sauti yake. Mimi sitaisikia tena, lakini ukiiandika vizuri huenda nikaikumbuka.

Najua hukuuliza mbona siji kukuona. Mvua zinakaribia na barabara ni mbaya.

Wako, Ezéchiel Ngoy

Msalimie Mama Tshiamala. Nadhani samaki yule alikuwa ameanza kunuka, naye kwa adabu akanyamaza.


Dilala, tarehe 22 Oktoba 2023

Yaya mwenye Kiswahili ya ziwani, jambo,

Tuko muzima, mvua imeanza. Jémima anasema mutoto anasimama sasa akishika kiti. Mi nimepika sombe leo, majani ya muhogo, sufuria nzima, sijui nilimupikia nani. Mukono umezoea kupima chakula ya batu sita.

Nimemuangalia ule bwana kama ulivyosema, nikiwa na jua kwa mugongo na miwani ya Mathieu kwa macho. Andika sasa: ni mukubwa kuliko shomoro, mudogo kuliko njiwa. Mudomo ni mufupi na una rangi ya nyama ya ufizi. Koo ni nyeusi, na kwa shavu iko alama nyeupe, kama mutu amejipaka bunga akasahau kunawa. Akiruka, mukia unaonyesha nyeupe pembeni, kushoto na kuume. Hali kitu hapo ukutani. Nilimutupia punje za muchele akaziangalia kama nimemutukana.

Na sauti, sikia. Kamata sanduku ya kiberiti, njiti zikiwa nusu, uitikise karibu na sikio. Njo hiyo kabisa. Ananitikisia kiberiti, anaruka mupaka ukuta wa pili, anaona sijaenda, anarudi na hasira. Kila siku vile. Nimemuita Mathieu, juu ya sababu bwana yangu naye alikuwa vile siku ya misa, amevaa kiatu tangu saa kumi na mbili, anazunguka kwa mulango: "Simone, twende! Simone, twende!"

Usinicheke, ninazungumza naye. Asubuhi ninamuamkia, ninamuambia nimeota nini. Siku hizi kumekuwa kimya, ata taxi-moto haipiti tena kwa avenue yetu, basi sauti yake ninaisikia mupaka ndani ya nyumba.

Nijibu mbio. Ninangoja jina.

Kabange


Lubudi, tarehe 17 Desemba 2023

Kabange,

Nimechelewa. Mama Mushiya alikuwa na malaria, kisha mimi nilikuwa na shughuli.

Ndege huyo ni shomoro wa aina fulani wa porini. Hana maana. Mfukuze. Mtupie jiwe akija, mara mbili tatu atakoma. Usizoee kuzungumza naye, na usimfuate anakokwenda.

Nimekutumia kilo tano za unga na maboga mawili. Noeli njema. Mwambie Jémima mtoto asipewe maji ya bomba bila kuchemshwa.

Ngoy


Dilala, tarehe 14 Januari 2024

Yaya Ngoy,

Mwaka mupya ukukute muzima. Bunga ilifika, boga moja lilioza njiani, aksanti. Jémima alikuja Noeli siku mbili, kisha akarudi, kazi yake haina konje, siku ya kupumuzika. Siku aliondoka nilifagia nyumba mara mbili.

Sasa nimekukasirikia, na nitakuambia wazi. Shomoro! Weye mutu ulikuwa unajua ndege akiwa bado nukta mbinguni, leo unaniandikia shomoro, tena "wa aina fulani"? Wapi! Nilipofika pale pa kumutupia jiwe nikasema huyu yaya yangu anaficha kitu. Nilikuwa na miaka kumi, yaya, sikuwa kipofu. Ninakumbuka baba akitembea mbele na shoka, akigonga miti, ko, ko, ko, akipiga muluzi, na kitu kidogo kule juu kikimujibu kwa kiberiti. Huyu njo ndege ya asali. Mbona hautaki kuliandika jina?

Na nimemufuata, ndiyo. Siku ya Bonane, mwaka mupya, juu nilikuwa peke yangu na bukari ya mahindi ilikuwa imeshapoa. Nilichukua mwiko na sufuria, sina shoka, nikawa ninagonga kama baba, ko, ko, ko. Ungeniona ungelia kwa kicheko: mama muzima wa miaka makumi sita na moja na kitenge ya kanisa, anagonga sufuria akifuata ndege! Akaruka ukuta, nikapita kwa pengo pale matofali yalianguka. Akanipeleka mupaka nyumba ya Mama Tshiamala, akanyamaza. Nikaangalia. Nyuki, yaya! Beko ndani ya ukuta, banapita kwa matundu ya hewa juu ya dirisha ya chumba ya kulala, bengi sana, ukuta unanguruma kama mashine ya kusaga.

Mama Tshiamala hayuko siku hizi.

Sikugusa kitu. Ndege alikaa akiningoja, na mi nikarudi nyumbani. Nilisikia haya kumuacha vile. Niambie nifanye nini.

Kabange


Lubudi, tarehe 20 Februari 2024

Kabange, mdogo wangu,

Leo sitakutania. Sina habari za kuku wala za mchungaji, wote wapo.

Nimeisoma barua yako nikakaa nayo siku nyingi. Nyuki hawajengi ukutani mwa chumba ambamo mtu analala, anapika karibu yake, anawasha makaa, anapiga redio. Wanataka utulivu wa miezi. Na ndege wa asali, haya, nimeliandika jina, haji mjini kutafuta watu. Anakuja palipo na nyuki, na nyuki wamekuja kwa kuwa watu wameondoka. Katika barua tatu hujaniandikia mtoto hata mmoja anayelia kwenye avenue yenu. Taxi-moto hazipiti. Mama Tshiamala, aliyenisalimia mwezi wa tisa, ana nyuki chumbani. Nilimuuliza Mama Mushiya, akatazama chini, akashughulika na kamba ya gunia lake. Jibu lile halikuhitaji masikio. Mficha maradhi kilio humfichua, Kabange. Ni nyumba ngapi zilizo tupu?

Ulinijibu kwa hasira, na hasira yako ni haki. Nami nitakujibu kwa jambo ambalo sijamwambia mtu, hata marehemu mke wangu.

Unakumbuka kazi ya kumwekea ndege fungu lake ilikuwa yangu, mimi kifunguamimba. Baba alikata kipande chenye nta na wadudu wachanga, akanipa nikiweke juu ya jani, kwenye kisiki, kabla mtu yeyote hajaramba kidole. "Ametuita, ametuongoza, ale." Na alisema kila mara kwamba ukimnyima, safari nyingine atakupeleka kwa nyoka. Mwaka ule wa 1972, mwezi wa kumi, baba alinipa kipande kizuri, cheupe, akatangulia na ndoo. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Sijui kama ni njaa au ulafi tu. Nimejiuliza miaka hamsini na moja. Nilikula. Nikaacha juu ya jani kiasi cha kidole gumba.

Wiki tatu baadaye ndege alirudi. Baba alikuwa kazini kwenye reli. Kyungu, pacha wako, akamfuata mbio, nami nyuma yake nikimwita angoje. Akapiga magoti penye shina lenye tundu chini, akaingiza mkono. Mle ndani alikuwamo kifutu. Baba alimlaza kwenye kile kigari cha mkono cha reli, akasukuma kuelekea zahanati ya Lubudi, nami nikikimbia kati ya vyuma nyuma yake. Hatukufika darajani akiwa hai. Watu wote walisema: nyoka. Mimi nilisema moyoni: Ngoy.

Ndiyo sababu nilikuambia umtupie jiwe. Na ndiyo sababu sikuja kwenye kilio cha Mathieu. Nilikuandikia kwamba treni haikuwepo. Treni ilikuwepo, Kabange. Nilisimama stesheni na begi langu nikaitazama ikiondoka. Wewe na Kyungu mna uso mmoja. Kila unavyozeeka ninaona angekuwaje, na siwezi kuutazama uso huo nikiwa na kinywa changu hiki.

Sasa umejua. Ukitaka kuacha kuniandikia, nitaelewa.

Ezéchiel Ngoy


Dilala, tarehe 10 Machi 2024

Yaya yangu,

Jambo, na polepole. Kaa chini ndipo usome.

Nyumba ni makumi mbili na sita kwa avenue yetu. Yenye moshi ni moja, ya mi. Mwaka jana kampuni ya lile shimo kubwa la shaba ilituma batu na rangi nyekundu, bakaandika namba kwa kila ukuta. Banasema shaba iko chini yetu, iko chini ya vitanda vyetu. Batu bakapewa chao bakaenda, moja moja. Mama Tshiamala alienda mwezi wa sita, kwa hiyo ile salamu yake nilikudanganya, nisamehe, nilikuwa ninamukumbuka tu. Mi bananipa mupaka mwisho wa mwezi wa tano. Jémima ana chumba moja, yeye na bwana na mutoto na shemeji. Nitaenda wapi? Na kukuandikia weye nilisikia haya. Ungesema dada yangu hakuuliza ndege, aliuliza pa kulala. Sikutaka unikatalie kwa barua, juu barua ya kukatalia mutu anaweza kuisoma kila siku.

Jioni ninawasha redio kwa chumba ya mbele na ninakaa jikoni, nipate kusikia kama iko mutu kule. Njo vile ninaishi.

Sasa ile ya Kyungu. Yaya, kile kipande uliacha juu ya jani, kiasi ya kidole gumba, ndege hakukikula. Mi nilikikula.

Nilikuwa nimesahau kikapu, nikarudi kwa kisiki. Nikaona asali pale peke yake. Na Kyungu alikuwa nyuma yangu, kama siku zote. Unajua mama alitulea namna gani siye mapasa: kitu ya mumoja ni ya bawili, ukimupa huyu peke yake yule anagonjwa. Basi nikakivunja mara mbili. Kila mutu alipata kidogo kama jino. Kyungu akaweka kwa ulimi, akafunga macho, kisha akaanza kucheka mupaka akaanguka kwa majani. Alisema: "Ndege atanusa midomo yetu, atajua ni siye." Nikamupangusa mudomo na kitambaa yangu, baba asione. Ile kicheko weye haukuiona, ulikuwa umeshatangulia. Nimekaa nayo peke yangu muda wote huu, na sasa nimekupa nawe.

Basi tulikula batatu. Kama ndege alikuwa anahesabu, alihesabu batatu. Alichagua mumoja namna gani? Mi nami nililala miaka na ile tonge kwa koo, nikisema ni mi nilimupa, ni mukono yangu. Kisha nikazaa, nikazika bwana, nikazeeka, na siku moja nikasema: nyoka ilikuwa nyoka tu. Ilikuwa imelala kwa nyumba yake na mukono ukaingia. Hakuna mwenye aliituma.

Na ninakukasirikia tena, acha nikuambie yote. Miaka makumi tano na moja! Nilifikiri haukuji juu haunipendi. Siku ya kilio ya Mathieu niliweka kiti yako karibu na yangu, batu bakitaka kukaa ninabakataza, ninasema yaya yangu anakuja. Kiti ilibaki vile mupaka jioni. Uso wangu ni wa Kyungu, ndiyo. Basi njoo uuangalie, wakati ungali hapa.

Ndege bado anakuja kila asubuhi. Sijamutupia jiwe.

Kabange wako


Lubudi, tarehe 8 Aprili 2024

Kabange,

Mimi mzima. Nililia, na kwa kuwa sijisikii sikujua ni kwa sauti kiasi gani. Jirani alikuja na mkewe kuuliza nani amekufa. Niliwaambia ni ndugu yangu. Lini, wakauliza. Nikasema sabini na mbili. Wakanitazama, kisha yule mama akaniletea uji.

Nimepaka chokaa chumba cha nyuma. Kina dirisha moja linalotazama bwawa la kulowekea mihogo, harufu yake utaizoea. Sikukualika mapema kwa kuwa nilidhani mtu kiziwi si wa kuishi naye mtu, na wewe unapenda kusema. Sasa naona tunafaana: utasema upendavyo na hutanichosha.

Nakuja na lori la mume wa Mama Mushiya, Jumamosi tarehe 27. Usiiguse asali kabla sijafika. Tafuta majani mabichi ya kutoa moshi, ndoo yenye kifuniko, na kitambaa cha kufunga uso. Shoka la baba ninalo. Sitamsikia ndege; wewe utanionyesha kwa mkono, nami nitagonga. Fungu lake tutaliweka kwanza, kabla mtu hajaramba kidole. Tutaliweka kubwa.

Ukifungua mlango usiite. Nishike bega.

Yaya yako, Ngoy


Lubudi, tarehe 2 Juni 2024

Yaya,

Barua hii Mama Mushiya hajaibeba, ninaisukuma juu ya meza, kati ya sahani yako na yangu. Nimechoka kupiga kelele. Majirani banafikiri tunagombana kila siku. Na iko kitu ambacho hakisemwi kwa kelele.

Habari ya nyumba unaijua: tuko muzima, umenenepa kidogo tangu nifike, na kuku nyeusi inataga chini ya kitanda yangu, ambayo uliniahidi haitatokea.

Siku ile ya asali ulifanya kazi yako muzuri. Niliona ulivyokata bipande tatu, ukabipanga juu ya ukuta, kimoja kikubwa katikati. Haukusema ni ya nani na sikuuliza. Kisha tukapakia kitanda na masufuria, weye ukakaa mbele na dereva, mi nikakaa nyuma na bitu. Kitu nitakuambia hapa, haukukisikia, na dereva alikuwa na muziki.

Lori ilipoanza kwenda, ndege aliacha asali yake akatufuata. Alipita ukuta kwa ukuta, nyumba kwa nyumba, akitikisa kiberiti kwa nguvu. Sijui kama alifikiri tumepotea njia. Alikuwa anatuita turudi, anaruka kuelekea kule tulitoka, anaona lori haigeuki, anakuja tena. Nyumba zote makumi mbili na sita. Kwa ukuta wa mwisho alisimama. Nilimuinulia mukono kama mutu, yaya, nikalia mupaka tukavuka Fungurume, na weye ulipogeuka ukafikiri ninalilia nyumba.

Jana Mama Mushiya amerudi toka kule. Avenue imevunjwa yote, ya mi, ya Mama Tshiamala, na muti wa avoka. Banyuki hajui balienda wapi. Habari ya ndege hakumuuliza mutu.

Ndege aliniita mi, na weye ukakuja. Asubuhi hii nimeamuka mapema nikasimama nyuma ya jiko, nimesikiliza muda murefu. Hakuna kitu, ni jogoo za batu tu. Ninawaza tu: sasa anamuita nani?

Ukimaliza kusoma usiandike jibu. Nipitishie chumvi, nijue umesikia.

Kabange